Nyasi Nyekundu Juu ya Paa

"Huyu akirudi na diploma, nitavaa rinda la mke wangu nitembee nalo soko lote la Karatina."

Aliyesema hivyo alikuwa mwenye duka wa pale kwetu Wamagana, na alisema nikiwa nimesimama mbele yake, nimekuja kununua kiberiti. Watu waliokuwa barazani walicheka. Hakuwa peke yake. Mwalimu aliyenifundisha kusoma alisema kichwa changu kingetosha kazi ya karani wa sukari, zaidi ya hapo kingepasuka. Ami yangu alisema Uganda ni nchi ya ndizi na pombe, na kijana asiye na baba akifika huko hurudi akiwa amebebwa. Nayaandika maneno yao hapa kwa sababu wenyewe waliyasahau haraka sana niliporudi.

Waliosema nitaweza walikuwa wanawake watatu tu. Tata, dada ya marehemu baba, ndiye aliyenilea. Alitoa mbuzi wake wote wakauzwa ili nipate nauli ya treni na karo ya mwanzo. Jirani yetu mjane alinipa koti la marehemu mumewe, koti zito la jeshi alilorudi nalo kutoka vita vya Burma. Na cucu mmoja, bibi kizee aliyeishi chini yetu ukingoni mwa mto, alinipa sanduku la bati la mwanawe aliyekwenda kutafuta kazi Nairobi akapotelea huko. Hakuna aliyesema ni zawadi.

"Ni mkopo," tata aliniambia akilifunga sanduku kwa kamba. "Utalipa ukiwa mtu."

Sikuuliza nitalipa nini. Mwanamke aliyetoa mbuzi wake wote haulizwi maswali madogo.

Basi nilirudi na diploma. Darasani tulikuwa vijana kutoka nchi zote za Afrika Mashariki, na katika somo la malisho sikupitwa na mtu. Mwalimu wetu alikuwa akiweka bua moja la nyasi mezani, halina ua wala mizizi, nami nililitaja jina kabla hajaketi. Wenzangu walisema ninanusa. Sikuwa nanusa. Nilikuwa nimechunga mbuzi tangu utotoni, na juu ya hapo nikasoma. Wao walisoma tu.

Niliposhuka treni pale Kiganjo, nimevaa koti la Burma, nilitegemea vigelegele. Nilikuta askari. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa nikiwa mbali, kwa ajili ya wapiganaji waliokula kiapo cha kumfukuza Mzungu, na kijana Mkikuyu mwenye sanduku alikuwa mtu wa kupekuliwa. Askari mmoja alitoa diploma yangu kwa ncha za vidole, kama anayemshika panya mkia, akaigeuzageuza.

"Hii ni ya kiapo gani?"

"Ni ya nyasi," nikamjibu.

Aliniangalia kwa muda mrefu. Naamini mpaka leo alifikiri nyasi ni jina la siri.

Kule nyumbani, mwenye duka alikuwa amefunga duka akawa mkubwa wa homgadi, wale walinzi waliopewa bunduki na serikali wawalinde watu, na kuwachunga pia. Alikuwa na kofia, filimbi na koti refu. "Karibu, Bwana Diploma," aliniambia. Hakutaja rinda. Na mimi sikulitaja, ila niliyatazama magoti yake kidogo.

Kazi niliipata kabla ya mwezi kuisha. Mtafiti mmoja Mzungu alikuwa akichunguza wanyama na malisho kwenye mbuga ya Mweiga, ile ardhi tambarare inayolala kati ya milima miwili, Kirinyaga upande wa kuchomoza jua na Nyandarua upande wa kuzama. Watu walimwita Bwana Nyasi. Wafugaji wa Kizungu walikuwa wakidai kwamba punda milia wanamaliza malisho ya ng'ombe, kwa hiyo wauawe wote. Bwana Nyasi alitaka kujua kama ni kweli kabla bunduki hazijatoa jibu. Wenzangu wengi wenye vyeti walikuwa wakigombea viti vya ofisini huko Nyeri. Mimi nilimwambia majina ya nyasi zote zilizokuwa chini ya viatu vyake, naye akaniandika kazi pale pale.

Tulizungushia seng'enge vipande vya mbuga tulivyoviita vitalu. Ndani ya kitalu hakuingia punda milia, swala wala ng'ombe. Nje waliingia wote. Nilitembea kwa mstari wa kamba kutoka kitalu hadi kitalu, nikipima urefu wa nyasi, nikiokota mavi ya wanyama na kuyapasua ili nijue nani amekula nini. Kwa kazi hiyo watu wa kwetu walinipa cheo kingine. Waliniita karani wa mavi.

Acheni niseme jinsi mtu alivyoishi siku zile, maana waliozaliwa baadaye hudhani hatari ilikuwa milio ya risasi. Risasi zilikuwa chache. Macho ndiyo yaliyokuwa mengi. Juu ya kilima cha karibu alikaa askari mwenye darubini, na kila nilipoinama kuokota mavi nilihisi darubini mgongoni. Upande wa Nyandarua msitu ulianza ghafla kama ukuta, na ndani yake walikuwamo wapiganaji. Wao pia walikuwa na macho. Asubuhi moja nilikuta alama ya ndala ya tairi kwenye mstari wangu wa kamba. Niliifuta kwa kiatu. Kisha nikaanza kujiuliza ni nani aliyeniona nikiifuta. Kama ni wa kilimani, atasema namficha mtu wa msituni. Kama ni wa msituni, atajua kwamba nimeona. Bwana Nyasi mwenyewe, mtu mpole aliyeweza kuzungumza na punda milia, aliweka bastola chini ya karatasi za kukaushia mimea, na hakuwahi kunipa kisogo. Sikumlaumu. Mimi pia sikumpa changu.

Mvua zilikuja zikapita, zikaja tena, na ndani ya vitalu pakatokea kitu ambacho mbuga hiyo haikuwa imekiona kwa miaka. Nyasi nyekundu, zile ambazo wanyama huzipenda kuliko zote na kwa hiyo hazipati kukua, zilipanda mpaka kiunoni. Zilipokomaa ziligeuka rangi ya shaba, na vichwa vyake vyenye ndevu vilipinda upande mmoja kwa upepo. Nje ya seng'enge ardhi ilikuwa kama kichwa kilichonyolewa. Nilijivuna. Nilikuwa nikiwaleta hata madereva wa lori watazame.

Wakati huo huo ikatoka amri kwamba watu wote wa kwetu waache nyumba zao za vilimani wakae katika vijiji vipya, vyenye handaki na miti iliyochongwa pande zote. Nyumba za zamani zilichomwa moto, pamoja na mapaa yake. Kila mama aliambiwa ajenge upya, haraka, na kila mama alihitaji nyasi za kuezekea katika majuma yale yale. Vilima vya kwetu Tetu vilikwanguliwa. Mimi nililala kambini mbugani, na niliyasikia hayo kwa mbali tu, kwa sababu ruhusa ya kwenda nyumbani ilitolewa kwa shida.

Ndipo asubuhi moja nikafika kwenye kitalu cha kwanza nikakuta kimenyolewa.

Sikuamini. Seng'enge ilikuwa imefunguliwa pembeni na kufungwa tena. Ndani hapakubaki kitu ila visiki vya nyasi. Bwana Nyasi alisimama kando yangu, uso mwekundu. Akauliza, kwa sauti ya chini sana, "Nani mwingine anajua njia ya kuja hapa?"

Kuulizwa swali hilo siku zile kulikuwa sawa na kufungwa kamba.

Bwana DO, kijana wa Kizungu aliyetawala tarafa yetu, alifika kabla ya saa sita, na aliyeketi kando yake garini alikuwa mkubwa wa homgadi wetu, mwenye duka. Alishuka akazunguka kitalu, akaokota bua moja, akalinusa, kisha akatoa hukumu yake.

"Hii ni malazi ya watu wa msituni, Bwana. Mvua iko karibu, wanataka kulala pakavu. Na hawawezi kujua nyasi iko hapa, isipokuwa mtu awaambie." Akanigeukia. "Ama namna gani, Bwana Diploma?"

"Uliza waliokata," nikasema.

"Hao si ndio tunatafuta?"

Bwana DO alinikazia macho. "Wewe natafuta wao," alisema kwa Kiswahili chake. "Mpaka Jumamosi ya wiki ingine wewe naleta jina. Kama hapana, wewe napanda lori, nakwenda kukaa mbele ya gakunia."

Kila mtu alimjua gakunia. Alikuwa mtu aliyevikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Ulipitishwa mbele yake, na akitikisa kichwa tu, ulikwenda kizuizini, na hukujua kamwe ni jirani yako gani aliyekuwa ndani ya lile gunia. Hakutazama diploma.

Walipoondoka, niliingia kitaluni nikapiga magoti. Kama ningeokoka, ningeokolewa na nilichokijua, na nilichokijua ni nyasi. Nikaanza na visiki. Vilikuwa vimekatwa chini kabisa, vyote kwa kimo kimoja, na mkono uliokuwa ukisonga mbele pole pole katika mstari. Mtu anayetaka malazi hung'oa na kukimbia. Nikaona vilima vidogo vya takataka, mabua mafupi na majani makavu, kama nywele zinazobaki kwenye kitana. Kabla ya kuezeka nyasi huchanwa kwa vidole ili mabua marefu yabaki peke yake. Nani atachana nyasi za kulalia? Na pembeni nikakuta kamba ya nyasi iliyosokotwa kwa kufungia tita, ikaanguka bila kutumika. Niliiokota nikaigeuza mkononi. Msokoto ule niliujua. Nilikua nikiutazama kwa akina mama wa kwetu.

Waliokata walikuwa wanawake, na walikuwa wa kwetu.

Sasa shaka yangu ilinigeukia nyumbani. Niliomba ruhusa, na Jumapili nikaingia kijiji kipya kwa lango lenye mlinzi. Sikuwa nimekiona kikiwa na nyumba. Zilisimama kwa mistari kama jeshi, zimebanana, na mapaa yake yalikuwa ya kila aina ya uchafu: majani ya migomba, magugu, mabua ya mahindi. Lakini hapa na pale, katikati ya hayo, lilisimama paa la rangi ya shaba. Hata kama ningekuwa nusu kipofu ningeyajua. Ndevu zile zilikuwa bado zimepinda upande mmoja.

Paa moja la shaba lilikuwa la tata. Jingine lilikuwa la mjane.

Tata alikuwa akimenya viazi mlangoni. Nilimsalimu, nikaketi, nikasifu nyumba.

"Nyasi nzuri, tata. Mmezitoa wapi?"

Alikata jicho la kiazi. "Unaniuliza mimi?"

"Nauliza nani basi?"

"Heh! Mjifunze kusema polepole, nyinyi watu wa diploma." Alitazama kushoto na kulia, akarudia kumenya. Mjane alitoka nyumba ya pili akiwa na kikapu, akatuona, akarudi ndani. Jambo hilo liliniuma. Walikuwa na siri, wanawake hawa walionivika koti, na siri siku zile ilikuwa na harufu moja tu. Nikajiuliza wamekatia nyumba zao tu, au na wengine walioko msituni. Nikainua sauti kuliko nilivyotaka.

"Tata, Jumamosi nitawekwa mbele ya gakunia kwa ajili ya nyasi hizi."

Kisu kilisimama. Akaniangalia kama mtu aliyeona paa likianguka. "Kwa nini? Si wewe mwenyewe uliyetupa?"

"Nani? Mimi?"

"Mkubwa wa homgadi alitupeleka. Bwana DO alikuwa amemwambia kijiji kiwe na mapaa kabla ya mvua au apokonywe filimbi. Alitutoa usiku wa mbalamwezi na bunduki nyuma, akafungua waya kwa mkono wake. Tukaogopa. Akasema, kateni, mtoto wenu ameruhusu. Ati umesema ni kwa ajili yetu." Sauti yake ikashuka. "Tulikata tukilia kwa furaha, baba. Tulisema, ameanza kulipa. Tukanyamaza ili usiharibikiwe na Mzungu wako. Na wewe uliponyamaza, tulijua ni kwa sababu hiyo."

Nilikaa pale nikikitazama kiazi mkononi mwake. Walikuwa wameniamini katika jambo ambalo sikulijua.

Kisha akanyanyua kidevu kuelekea mwisho wa mstari wa nyumba. Kulikuwa na nyumba yenye mbavu tupu, fito zikionyesha mbingu. "Ile ni ya cucu. Nyasi zilikwisha kabla ya kumfikia. Hataingia. Analala kwangu, karibu na moto."

Nilielewa bila kuelezwa. Kwetu nyumba hujengwa, huezekwa na kuwashwa moto siku moja, jua likiwapo. Ikilala wazi, bila paa na bila moto, mtu mwenye akili zake haingii humo tena, kwa sababu hajui ni nini kilichomtangulia kuingia. Cucu alikuwa na miti yake na fito zake, na alikuwa ameahidi kuzibomoa na kuzisimamisha upya siku atakayopata nyasi za kutosha. Vinginevyo mvua imkute kwa watu. Serikali ilimwona mkaidi. Mimi nililiona akilini sanduku lake la bati, lililokuwa bado kambini chini ya kitanda changu.

Nilimkuta mkubwa wa homgadi langoni, akikagua pasi, zile karatasi za ruhusa ya kutembea. Nikamwambia pembeni, "Najua aliyefungua waya."

Alicheka, lakini mkono ulikwenda kwenye filimbi. "Sema basi. Nenda kwa Bwana DO useme. Mimi nitapoteza kofia. Na wao? Askari watatoa yale mapaa usiku huo huo, watayachoma, na wale akina mama watapanda lori kabla yako. Utasema, karani wa mavi?"

"Ulisema uongo kwa jina langu."

"Ningesema jina la nani? Wangekata wakiogopa, wangekata vibaya." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo zaidi, na hapo nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa mwenye duka tu: "Niliambiwa mvua ikinyesha kabla ya mapaa, mimi ndiye nitalala handakini. Ulitaka nifanye nini?"

"Ulitaka nife mimi."

"Nilitaka afe mtu wa msituni," alisema. "Wewe ulikuwa karibu tu."

Sikumwamini. Mpaka leo siamini. Nadhani lile neno la rinda lilikuwa likimkereketa, na kila aliponiona alilikumbuka. Lakini hesabu yake juu ya wanawake ilikuwa sahihi. Kweli tupu ingeniokoa mimi na kuwaua wao.

Nilirudi mbugani kwa miguu, nikifikiri kwa bidii kuliko nilivyofikiri kwenye mtihani wowote. Punda milia walikuwa wamekusanyika nje ya kitalu kilichokatwa, shingo zimepita juu ya waya, wananusa. Nikainama. Kati ya visiki kulikuwa tayari na ncha za kijani, laini, zimechomoza. Nikaenda kitalu cha pili, ambacho hakikuguswa: chini ya nyasi ndefu palikuwa giza, mabua yaliyokufa yamelaliana, na cha kijani kilikuwa haba. Nikarudi tena cha kwanza nikapima kwa kidole. Hapo nikacheka peke yangu, na kama askari wa darubini aliniona, aliandika lolote alilotaka.

Asubuhi iliyofuata Bwana Nyasi alikuwa akila mayai. Nilimwambia, "Bwana, tulikuwa na swali nusu. Tunajua nyasi zinavyokuwa zikiliwa kila siku. Tunajua zinavyokuwa zisipoguswa kabisa. Hatujui zinavyokuwa zikikatwa mara moja zikaachwa. Labda kinachoua malisho si mdomo wa punda milia, ni kwamba midomo yote imefungiwa mahali pamoja wakati wote. Kitalu cha kwanza kimeanza kujibu. Kama tukikata na cha pili, tukapima uzito, na kuacha cha tatu, tutakuwa na jibu ambalo hakuna mfugaji atakayelipinga."

Aliacha kula. Alikuwa mtafiti wa kweli. Niliona swali likimwingia. Kisha niliona na kitu kingine kikimwingia.

"Wewe unajua nani alikata."

"Nimejua jana."

"Na hutasema."

"Nitasema kilichokatwa, Bwana. Kilichokatwa ndicho kazi yetu."

Aliisukuma sahani ya mayai kando. Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, alisimama, akanipa kisogo, akatazama mbuga kupitia mlango wa hema. "Wakataji wazuri?" aliuliza bila kugeuka.

"Hawana wenzao. Wanakata kwa kimo kimoja kama mashine."

Yeye ndiye aliyezungumza na Bwana DO, kwa Kiingereza chao, na mimi nilisimama kando nikisikiliza kila neno huku nikijifanya sisikii. Alisema ukataji ni sehemu ya utafiti. Kwamba kosa lilikuwa lake kwa kutotoa taarifa. Kwamba sasa anahitaji kitalu cha pili kikatwe, mchana, chini ya ulinzi, na wanawake wa kijiji cha Wamagana. Na kwamba nyasi zikishapimwa yeye hazimfai. Bwana DO alinitazama mimi, akamtazama yeye, akanitazama tena. Hakuamini hata neno moja. Lakini hakuweza kumwita Mzungu mwenzake mwongo mbele yangu, na mapaa ya kijiji yalikuwa yanatakiwa na wakubwa wake. Alimwamuru mkubwa wa homgadi asimamie, na watu wote wawe ndani ya uzio wa kijiji kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku.

Siku ya kukata ilikuwa Jumamosi ile ile niliyopewa.

Wanawake walitoka wakiwa bado hawajajua kama ni mtego. Tata alinifikia karibu akaniuliza bila kusogeza midomo, "Hii ni kweli ama ni ile nyingine?" Nikamwambia, "Hii ni kweli, tata. Hii natoa mimi." Ndipo alipofunga nguo kiunoni.

Nilitundika juu ya mti wa mgunga mizani ya aina ile ya wanunuzi wa kahawa kule Mukurweini, na kila tita lilipita mkononi mwangu kabla ya kwenda lorini. Bwana Nyasi alisoma uzito, nami nikakagua urefu wa visiki. Bwana DO alikuja, akachungulia mizani, akapiga tita teke akitafuta sijui nini ndani yake, bunduki labda, akaondoka. Askari wa kilimani alitutazama mchana kutwa. Kule msituni pia walitutazama, sina shaka. Nilifanya kazi yangu mbele ya macho yote hayo na mgongo ulionyooka.

Lori lilitufikisha chini ya kilima tu. Njia ya juu ilikuwa utelezi kwa manyunyu ya usiku. Huko juu wanawake wengine walikuwa wamezibomoa fito za cucu tangu asubuhi na kuzisimamisha upya, na jua lilikuwa limeshaanza kugusa Nyandarua. Matita yalikuwa mengi kuliko migongo. Mjane akasimama mbele ya mkubwa wa homgadi akamnyooshea ukanda wa kubebea, ule unaopita kwenye paji la uso, ambao kwetu hakuna mwanamume anayeuvaa.

"Mimi?" akasema.

"Jua likizama kabla ya paa, nyumba itabomolewa tena," mjane akamwambia. "Utamweleza Bwana DO wewe."

Alitazama jua. Akanitazama mimi. Kisha akatia bunduki mkononi mwa askari wake, akavaa ukanda, akainama chini ya tita la nyasi zangu nyekundu.

Nyuma yake sauti ya mwanamke ikasema, "Afadhali angevaa lile rinda, lingemficha magoti." Kilima chote kikacheka, na kilikuwa hakijacheka kwa muda mrefu. Mimi sikucheka. Nilibeba langu kwa bega, nikitembea nyuma yake njia nzima ili nisikose kuona.

Paa lilifungwa mwanga ukiwa bado juu ya vilele. Tata alileta kaa la moto kutoka kwake, likawashwa katikati ya mafiga, na moshi ukaanza kupenya polepole kupitia nyasi, ukitafuta njia. Hapo ndipo nilipoingia na sanduku la bati, nililokuja nalo lorini. Ndani yake nilikuwa nimekunja koti la Burma. Nikalitoa nikampa mjane, naye akalivaa pale pale juu ya nguo zake zilizolowa jasho, akaketi. Tata hakutaka mbuzi. Alisema mapaa mawili, lake na la cucu, yametosha kulipa mbuzi.

Cucu alipitisha kiganja juu ya kifuniko cha sanduku, akagusa kona zake, akanusa bati.

"Limeshika kutu," alisema.

"Kidogo, cucu."

"Si neno." Alilivuta akaliweka nyuma ya kitanda chake, mahali pakavu, chini ya nyasi nyekundu. "Lilienda, na limerudi."

Filimbi ya amri ya kutotembea ikalia langoni. Aliyeipuliza alikuwa bado anahema kwa mzigo, na sauti yake ilikatikakatika. Nilitoka nje nikakimbia kuelekea lori, pasi mkononi, na sikuwa na deni la mtu yeyote.